Chupa ya usiku na meno ya Bibie

Mke wangu alipanda ndege kwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani binti yetu akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Tulikuwa tumelizungumza jambo hilo kwa muda mrefu, tukakubaliana: aende miaka miwili, tupate kiwanja, arudi. Mimi nikabaki Majengo, Mombasa, na mtoto, pamoja na mamangu mzazi, na tuktuk ya mtu ambayo naiendesha mpaka leo. Binti yetu nyumbani tunamwita Bibie.

Nayaandika haya kwa sababu wiki iliyopita nilimbeba mama mmoja kijana kutoka Mwembe Tayari. Alikuwa amempakata mwanawe, kalala, na chupa ya chai ya maziwa imo mdomoni. Nilimtazama kwenye kioo nikashindwa kunyamaza. Mpaka tunafika Buxton nilikuwa nimemweleza nusu tu ya niliyotaka kumwambia. Hapa naieleza yote.

Usiku ule wa kwanza Bibie alilia mpaka sauti ikakauka. Alikuwa bado ananyonya, na sasa ziwa halipo. Nilimbeba, nikatembea naye barazani, nikamwimbia, haikusaidia. Ikawa mamangu kachemsha maziwa, katia vijiko viwili vya sukari, kaweka kwenye chupa. Akanyonya akalala, chupa mdomoni. Tulishukuru Mungu. Usiku wa pili tukafanya vile vile, na wa tatu, na huo ukawa ndio utaratibu wa nyumba. Akiamka saa nane, chupa. Akiamka saa kumi, chupa. Maziwa yakiisha tunampa chai ya maziwa, na sukari haikosi. Tuliendelea hivyo kwa mwaka na miezi tisa. Hakuna aliyemfanyia ubaya pale. Kila chupa ilikuwa ni huruma.

Mchana nako kulikuwa na yangu. Kila jioni nikirudi nilimletea kitu. Mabuyu ya rangi ya shilingi kumi, au barafu, au juisi ya pakiti yenye mrija. Nilikuwa naona nina deni kwake la mama aliyekwenda, na hilo ndilo lililokuwa malipo yangu. Majirani nao wakimwona mtoto aliyeachwa na mamake hawakumpita mikono mitupu. Huyu kipande cha kashata, yule peremende, mwenye duka biskuti mbili za bure. Siku nzima mdomo wa Bibie haukupumzika.

Kwetu Uswahilini jino la kwanza hutazamwa sana. Likichomoza la juu kabla ya la chini, wazee wa zamani walimwita mtoto kigego na kuona ni nuksi. La Bibie lilitoka chini, akiwa na miezi saba, bibi yake akafurahi akawaambia watu. Baada ya siku hiyo hakuna aliyetazama tena. Mtu anaweza kumwogesha mtoto mara mbili kwa siku, akamkagua mpaka nyuma ya masikio, na asiinue mdomo wake wa juu hata mara moja kwa mwaka. Mimi nilikuwa mtu huyo.

Alipokaribia miaka miwili niliona mstari mweupe juu ya meno yake manne ya mbele, pale yanapopakana na ufizi. Ulikuwa kama chokaa. Nikadhani ni maziwa yaliyoganda, nikausugua kwa kitambaa, haukutoka, nikauacha. Hili ndilo kosa ninalolijutia kuliko yote. Mstari ule ndio uozo unapoanza, jino likiwa limepoteza madini yake lakini bado halijatoboka. Wakati huo ungeweza kurudishwa nyuma kwa dawa ya meno yenye floraidi, madini yanayoimarisha meno, na kuacha chupa. Ningetumia shilingi mia mbili tatu. Nilikuja kuambiwa hivyo nikiwa nimeshatumia maelfu.

Mstari ukageuka manjano, kisha kahawia. Nikauliza watu. Mmoja aliniambia ni wadudu wa meno. Mwingine akasema ni zile antibiotiki alizopewa alipougua kifua. Wengi walisema neno moja: “Hayo ni ya utotoni, yatang’oka yenyewe.” Nikalishika hilo kwa sababu lilikuwa rahisi. Hata hivyo nilimpeleka kwenye zahanati moja, nikapanga foleni tangu asubuhi, na aliyetuona akamwangalia kwa dakika moja akasema meno ya watoto hayazibwi, nimrudishe akifika miaka sita. Nilitoka pale nimefarijika. Niliyemtegemea kuwa anajua alikuwa amenipa ruhusa ya kutofanya chochote.

Miaka miwili na nusu, jino moja la mbele lilivunjika akila hamri. Hamri lenyewe lilikuwa laini. Halikutoa damu, lilimeguka tu kama udongo mkavu, kikabaki kisiki.

Mke wangu alikuwa akipiga simu ya video kila Ijumaa. Siku hiyo akasema, “Bibie, hebu nicheke nikuone.” Mtoto akaziba mdomo kwa kiganja. Watoto wa mtaani walikuwa wameshaanza kumwita pengo, na mimi sikuwa nimejua. Mamake akauliza, “Baba Bibie, ana nini mdomoni?” Nikamjibu kwamba ameanguka kwenye ngazi. Nilimdanganya mke wangu aliye ugenini, anayeosha vyombo vya watu ili mtoto huyu apate kiwanja. Nilisema uongo huo mara tatu kwa wiki tatu tofauti.

Maumivu yalianza usiku, alipokuwa anakaribia miaka mitatu. Alikuwa akiamka analia huku ameshika shavu. Mamangu akaweka pamba yenye mafuta ya karafuu. Yalimchoma ufizi mpaka ukabambuka, na daktari alikuja kutukataza tusiyatumie tena kwa mtoto mdogo. Shavu likavimba, tukampa paracetamol, baada ya siku nne likanywea. Kwenye ufizi palikuwa na kijipu kidogo kilichopasuka. Tukasema amepona, na nikanunua kuku tukapika biriani. Alikuwa hajapona. Usaha ulipata njia ya kutoka, maumivu yakapungua, na ugonjwa ukabaki pale pale kwenye mzizi. Mtu yeyote atakayeona kijipu namna hiyo juu ya jino la mtoto ajue hivyo, hata kama mtoto anacheza na anakula.

Wiki tano baadaye alivimba tena. Mara hii uvimbe ulipanda, na alfajiri jicho la kushoto lilikuwa halifunguki. Mwili ulikuwa unawaka moto. Nilimweka mamangu nyuma amempakata, nikavuka daraja la Nyali giza halijatoka, nikiendesha kwa namna ambayo sitaki kuikumbuka. Hospitalini walimlaza mara moja, wakamtia dawa kwa mshipa siku mbili. Daktari aliniambia uvimbe wa jino ukifika jichoni au chini ya taya, au mtoto akishindwa kumeza au kupumua vizuri, hakuna kungoja asubuhi. Nilikuwa nimengoja tangu magharibi.

Usiku ule nikiwa kwenye benchi nilimpigia mke wangu nikamwambia yote. Hakupiga kelele. Alinyamaza sana, kisha akasema, “Ungeniambia tangu siku ya chokaa.” Asubuhi alituma shilingi 25,000 kutoka kwenye akiba ya kiwanja.

Daktari wa meno aliyetupokea baadaye alikuwa mwanamke mtulivu. Alimlaza Bibie kichwa kwenye mapaja yake na miguu kwenye yangu, akainua mdomo wa juu kwa kidole, akanionyesha. Meno manne ya mbele juu yameoza, magego mawili ya nyuma yametoboka. Ya chini ya mbele hayakuwa na doa. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia mtoto akinyonya chupa, ulimi hufunika meno ya chini na mate hupita hapo, lakini ya juu huogelea kwenye maziwa. Halafu akaniambia neno lililonieleza ile miaka yote: mtu akilala, mate hupungua sana. Mate ndiyo yanayoosha sukari na kurudisha madini kwenye jino. Bakteria walio kwenye ukoga hula sukari na kutoa asidi, na kila mara mtoto anapoonja kitu kitamu asidi hiyo huendelea kula jino kwa karibu nusu saa. Sasa hesabu, baba, akasema. Nikahesabu. Chupa tatu usiku, mabuyu ya jioni, biskuti, juisi anayoifyonza saa nzima. Meno yale hayakupata nafasi ya kupumua. Kiasi cha sukari kina uzito wake, lakini mara ngapi kwa siku ndicho kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Mtoto anayekula kashata nzima baada ya chakula cha mchana kisha akanywa maji anaumia kidogo kuliko anayeimung’unya kipande kipande mpaka Alasiri.

Nilimwambia yale ya kung’oka yenyewe. Hakunikejeli. Alinieleza kuwa meno ya utotoni ni 20, na magego yake hukaa mdomoni mpaka mtoto ana miaka 10 hadi 12. Yanamshikia nafasi jino la ukubwani. Likitolewa mapema, jirani zake husogea, na la ukubwani likija halina pa kutokea, linapinda. Na usaha ukikaa juu ya jino linalojengeka chini unaweza kuliharibu kabla hata halijaonekana.

Tulikuwa na njia mbili. Kumpa nusu kaputi na kumaliza kazi yote kwa siku moja. Gharama niliyotajiwa ilipita shilingi 90,000, sikuwa nazo. Au kwenda polepole kwa ganzi. Tukachagua ya pili. Aling’olewa meno matatu ya mbele kwa siku mbili tofauti, na mikono yangu ndiyo iliyomshika. Sitaieleza zaidi ya hapo.

Magego yalipakwa dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, kwa Kiingereza silver diamine fluoride. Haina sindano wala mashine; inapakwa kwa brashi ndogo kwa dakika chache na mara nyingi inausimamisha uozo. Kasoro yake ni moja, na ni vyema mzazi aambiwe mapema: sehemu iliyooza inabaki nyeusi kama mkaa. Mamangu alipoiona alidhani mtoto ameharibiwa. Dawa hiyo Shirika la Afya Duniani liliiingiza mwaka 2021 kwenye orodha yake ya dawa muhimu, na kama ningeijua mwaka mmoja kabla, hata yale ya mbele pengine yasingefika kung’olewa. Ilirudiwa baada ya miezi sita. Magego yote mawili yapo mpaka leo, meusi, na hayajauma tena. Muulize daktari wako kama anayo.

Kulazwa, eksirei, kung’oa, kupaka, na siku kumi na moja ambazo sikuendesha: ilinigharimu shilingi 38,000 na ushei. Bima tuliyokuwa nayo haikugusa meno.

Lililokuwa gumu kuliko fedha ni kuibadilisha nyumba. Siku niliyomweleza mamangu sababu, alikaa kimya kwenye kigoda chake, kisha akasema, “Kumbe ni mkono wangu, mwanangu.” Nikamwambia ni mikono yetu sote, na wangu ulizidi. Yeye alilea watoto sita kwa mswaki wa mti, na meno yetu yalikuwa mazima. Lakini katika utoto wetu vitu vitamu vilikuwa vya Idi na harusi, na chai ilikuwa mara mbili kwa siku. Mabuyu hayakuwa yakiningojea kila jioni. Hakukosea kulea, dunia iliyouzunguka mlango wake ndiyo iliyobadilika, na hakuna aliyemwambia.

Chupa tuliiondoa hivi. Usiku wa kwanza tulitoa sukari nusu, alinuna lakini akalala. Siku mbili baadaye hakuna sukari. Kisha tukaanza kuongeza maji kwenye maziwa, kidogo zaidi kila usiku, mpaka siku ya kumi ikawa maji matupu. Siku ya kumi na mbili aliitupa mwenyewe chini ya kitanda. Alilia usiku mbili tu, wa nne na wa saba, na usiku huo nilimbeba kama nilivyombeba mwanzo. Laiti ningejua kwamba angenyamaza hata bila chupa. Kama mtoto wako ni mdogo zaidi, anza kumzoesha kikombe mapema. Akitimiza mwaka mmoja anakiweza. Na maji ndiyo pekee ya kulala nayo.

Kupiga mswaki kulikuwa vita kwa wiki tatu. Nilichojifunza ni kutomsimamisha mbele ya beseni. Namlaza chali, kichwa mapajani mwangu, nainua mdomo wa juu, naona kila kitu. Dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala, na baada ya ile ya usiku hakiingii kitu mdomoni ila maji. Dawa ya meno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu ni ya ukubwa wa punje ya mchele. Akifika mitatu mpaka sita, punje ya njegere. Ateme, lakini asisukutue kwa maji, ili floraidi ibaki ikifanya kazi. Soma ubavuni mwa tyubu: iwe na floraidi ya ppm (sehemu kwa milioni) 1,000 au zaidi. Nyingine za watoto zenye picha za kupendeza hazina kabisa. Na usimwachie mtoto kazi hiyo peke yake kwa sababu anasema anajua. Mkono wake hauwezi mpaka afike kama miaka saba au minane.

Mamangu aliikataa floraidi mwanzoni. Tuna ndugu walikulia Nakuru, meno yao yana madoa ya kahawia, na yeye alisikia kwamba floraidi ndiyo sababu. Ni kweli ndiyo sababu. Daktari alimwelezea kwa heshima kuwa maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, na wale walikunywa miaka mingi meno yao yakiwa bado yanajengeka ndani ya taya. Punje ya mchele, tena inayotemwa, haifanyi hivyo. Alikubali kwa sharti moja, kwamba mswaki wake wa mti asiuache. Sasa wanakaa barazani asubuhi, bibi na mti wake, mjukuu na wa plastiki.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia: dawa nyingi za kikohozi za maji zina sukari, na nilikuwa nampa kijiko akiwa amelala nusu. Sasa nampa kabla ya kupiga mswaki. Na tuliacha kuonja uji wake kwa kijiko chake, maana bakteria wa mdomo wa mtu mzima huhamia kwa mtoto kwa njia hiyo. Mimi mwenyewe nilikuwa na magego mawili yaliyotoboka muda wote huo.

Ramadhani ilitutia majaribuni. Tende, kaimati, tambi za sukari, sharbati, na mtoto anaokota kidogo kidogo tangu magharibi mpaka watu wanarudi tarawehe. Tulimwekea sahani yake: ale vyote anavyotaka wakati wa kufuturu, kisha maji, kisha basi. Siku ya Idi tulikwenda Makadara na pesa zake za sikukuu, akanunua pipi alizotaka, akala akiwa amesimama pale pale, tukarudi akapiga mswaki. Sikumnyima sikukuu. Kwa mwenye duka na majirani nilikwenda mwenyewe, mlango kwa mlango, nikawaomba. Wawili walinuna. Mmoja sasa humpa ndizi.

Sasa Bibie ana miaka sita na miezi mitatu. Mke wangu aliongeza mkataba, amekuja likizo mara moja, na kiwanja tumekipata Mtwapa. Pengo la juu bado lipo. Meno ya mbele ya ukubwani ya juu huja kati ya miaka saba na tisa, na tunangoja. Lakini mwezi uliopita, nikimmulika kwa tochi ya simu, niliona ncha nyeupe nyuma kabisa, nyuma ya gego jeusi, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Ni gego la kwanza la ukubwani. Halingoji jino lolote ling’oke, linajitokea kimya kimya, na wazazi wengi hudhani ni la utotoni wakaliacha lioze. Nimeshampeleka limeangaliwa, na likitoka lote litapakwa kinga kwenye mifereji yake.

Ijumaa tulipiga simu. Nikamwambia Bibie afungue mdomo, nikashika tochi kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine, mamangu kainama begani kwangu kutazama naye.

“Liko wapi?” mke wangu akauliza.

“Kule nyuma, juu ya ulimi, upande wa kulia.”

Mtandao ukakatika, ukarudi. “Sijaona vizuri,” akasema. “Mwambie afungue tena.”